Washairi Walifika Kabla ya Sungura

Mwaka wa 1202 Leonardo wa Pisa alikamilisha kitabu kinene cha hesabu kwa Kilatini, Liber Abaci, na katikati ya maswali ya bei za pilipili na ubadilishanaji wa sarafu akapenyeza swali la sungura. Jamaa amefungia jozi moja ya sungura ndani ya ua. Kila mwezi jozi hiyo inazaa jozi nyingine, na hao watoto nao wanaanza kuzaa wakifikisha mwezi wa pili. Hakuna anayekufa, hakuna anayeibwa, hakuna anayeishia kwenye sufuria. Mwaka ukiisha kuna jozi ngapi?

Jibu ni 377. Leonardo aliziandika nambari pembeni mwa ukurasa, moja chini ya nyingine: 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, 34, mpaka 377. Kisha akaeleza alivyofanya: alijumlisha ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, ya tatu na ya nne, hivyo hivyo hadi mwisho. Akaendelea na maswali mengine.

Hayo maelezo mafupi ndiyo fomula inayojirejelea. Haikupi nambari ya mia moja moja kwa moja. Ukiiuliza nyumba ya kumi iko wapi, inakujibu kama mtu wa mtaani: fika ya nane na ya tisa kwanza, halafu tuongee. Ni fomula inayoishi kwa kumbukumbu, na ndiyo maana mimi, mtu wa lugha na historia, nimeipenda kuliko fomula zote walizowahi kunilisha shuleni.

Jina tunalompa huyo Leonardo, Fibonacci, hakulijua. Alilibandikwa mwaka wa 1838 na mwanahistoria Guillaume Libri, ambaye baadaye mahakama ya Ufaransa ilimhukumu bila yeye kuwepo kwa kosa la kuiba vitabu vya maktaba za umma. (Kuna watu hawawezi kuacha kitu mahali walipokikuta.) Halafu katika miaka ya 1870 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, mwanahisabati wa kweli kweli, akauita mfuatano wenyewe kwa jina hilo. Tangu hapo ni Fibonacci huku, Fibonacci kule, kwenye alizeti, kwenye konokono, kwenye video za watu wanaokuuzia kozi za kubashiri bei ya sarafu.

Sitaki kumdhalilisha Leonardo. Huyu ni kijana aliyelelewa kihesabu Afrika: baba yake alikuwa afisa wa forodha akiwahudumia wafanyabiashara wa Pisa huko Bugia, mji wa bandari ulio Algeria ya leo, na hapo ndipo Leonardo alipofundishwa kuhesabu kwa tarakimu tisa ambazo yeye mwenyewe aliziita za Wahindi, pamoja na ile ya kumi aliyoiita zephirum. Neno hilo ni la Kiarabu, sifr, na sisi tunalo mpaka leo: sifuri. Kitabu chake kiliwaonyesha wafanyabiashara wa Ulaya kwamba nambari za Kirumi zinawachelewesha. Aliwataja Wahindi bila aibu. Waliokuja baadaye ndio walioacha kuwataja.

Sasa twende India, maana huko mfuatano huu ulikuwa umeshapatikana, na waliouhitaji hawakuwa na sungura hata mmoja. Walikuwa na mashairi.

Katika ushairi wa Kisanskriti na wa Kiprakriti silabi haziko sawa. Kuna nyepesi, laghu, inayochukua pigo moja, na kuna nzito, guru, inayochukua mapigo mawili. Tuseme nyepesi ni *ta* na nzito ni *TAA*. Kuna aina za mashairi ambamo mshairi hafungwi na idadi ya silabi. Anafungwa na jumla ya mapigo. Basi swali likazuka lenyewe, kama linavyozuka kwa mtu yeyote anayetunga kwa mdundo: nikiwa na mapigo manne, nina njia ngapi za kuyajaza?

Zihesabu kwa vidole. Ta ta ta ta. TAA ta ta. Ta TAA ta. Ta ta TAA. TAA TAA. Tano. Kwa mapigo matatu ni tatu, kwa mawili ni mbili, kwa moja ni moja. Kwa matano ukijaribu utapata nane, lakini hapo vidole vinaanza kukuchanganya, na mapigo kumi yana njia 89. Hakuna mtu atakayeziorodhesha 89 bila kusahau moja au kurudia nyingine. Lazima upate kanuni.

Pingala, aliyeandika misingi ya elimu hii ya mizani karne kadhaa kabla ya Kristo, alishaanza kupanga silabi nyepesi na nzito kwa utaratibu unaowafurahisha watu wa kompyuta wa leo, kwa kuwa unafanana na sifuri na moja zao. Lakini aliyeisema kanuni ya mapigo waziwazi ni Virahanka, mtaalamu wa ushairi aliyeandika kwa Kiprakriti kati ya mwaka wa 600 na 800. Baada yake akaja Gopala, kabla ya mwaka wa 1135. Halafu takriban mwaka wa 1150 akaja Hemachandra, msomi wa dini ya Kijaini huko Gujarat, nchi ambayo ndiyo asili ya familia nyingi za Wakenya Wahindi unaopishana nao Ngara na Parklands. Hemachandra alieleza kwamba ukijumlisha nambari ya mwisho na iliyo kabla yake, unapata nambari ya mapigo yanayofuata. Ilikuwa miaka hamsini hivi kabla ya sungura wa Pisa.

Kilichonishika kooni si tarehe, ni jinsi walivyofikiri. Hawakukodolea macho 1, 2, 3, 5, 8 wakisubiri zijisemee. Waliuliza swali dogo sana: mshororo huu unaishaje? Kuna majibu mawili tu. Ama unaishia kwa silabi nyepesi, ama kwa nzito. Ukiishia kwa nyepesi, ukiiondoa unabaki na mshororo uliopungua pigo moja. Ukiishia kwa nzito, unabaki na uliopungua mapigo mawili. Kwa hiyo mishororo ya mapigo matano ni ile yote ya mapigo manne iliyoongezwa *ta*, pamoja na ile yote ya mapigo matatu iliyoongezwa *TAA*. Tano na tatu, nane. Hakuna iliyoachwa, hakuna iliyohesabiwa mara mbili. Imekwisha.

Ukirudi kwa sungura wa Leonardo, utaona ni swali lile lile limevaa manyoya. Jozi za mwezi huu ni zote zilizokuwepo mwezi uliopita, maana hakuna anayekufa, pamoja na zilizozaliwa leo. Na waliozaliwa leo wamezaliwa na nani? Na zile jozi zilizokuwepo miezi miwili iliyopita. Sidai kwamba Leonardo aliiba. Watu wawili wanaweza kufika kisimani kwa njia mbili. Ninachosema ni kwamba mmoja alifika mapema, akachota, akaenda zake, na kisima kikaitwa kwa jina la aliyefuata.

Linaniuma zaidi kwa sababu ya ile sentensi tunayoisema hapa nyumbani bila kufikiri: "Mimi ni mtu wa lugha, hesabu si zangu." Nimeisema. Wewe pia pengine umeisema, kwenye matatu, kwenye usaili wa kazi, mbele ya mtoto wa dada yako aliyekuletea kazi ya shule. Tunaisema kama vile tunataja kundi la damu. Kumbe walioandika fomula hii kwa mara ya kwanza walikuwa watu wa lugha, wakifanya kazi ya lugha, na hawakuona mpaka wowote wa kuvuka. Mwanahisabati Parmanand Singh alilikusanya simulizi hili lote kwenye makala ya mwaka wa 1985 katika jarida la Historia Mathematica. Si siri ya kufukuliwa. Ni kwamba halijafika kwenye vitabu vyetu vya shule.

Na vitabu vyetu vingefaidika, bana. Swali la kawaida huwa hivi: tafuta nambari tatu zinazofuata. Unapewa 1, 2, 4, 8, 16 na unatakiwa uone kwamba zinazidishwa kwa mbili, basi inayofuata ni 32. Sasa chukua chapati. Weka alama kadhaa kwenye ukingo wake, kisha kata mstari mnyoofu kutoka kila alama hadi kila alama nyingine, ukihakikisha mikato mitatu haikutani mahali pamoja. Alama moja, chapati bado ni kipande kimoja. Alama mbili, vipande 2. Tatu, 4. Nne, 8. Tano, 16. Sita? Vipande 31. Si 32. Unaweza kuhesabu tena mpaka chapati ipoe.

Kwa hiyo mtu aliyetazama nambari pekee amepotea, na hana hata njia ya kujua amepotelea wapi. Mtu aliyeuliza kila mkato mpya unaongeza nini, huyo hapotei. Ndiyo tofauti kati ya kukisia mtindo na kupata kanuni: kanuni ina sababu ndani yake. Virahanka angeulizwa kwa nini 8 inafuatwa na 13, angekujibu bila kusema "ukiangalia unaona". Angekuonyesha silabi ya mwisho.

Wahindi hawakuishia hapo. Mwaka wa 1356 Narayana Pandita, katika kitabu chake Ganita Kaumudi, aliuliza swali ambalo mtu yeyote aliyewahi kusikia wazee wakijadili mahari atalielewa. Ng'ombe anazaa ndama mmoja jike kila mwaka. Kila ndama naye akifikisha miaka mitatu anaanza kuzaa mmoja kila mwaka. Baada ya miaka 20, ng'ombe mmoja amekuwa wangapi?

Fanya kama washairi. Ng'ombe wa mwaka huu ni wote wa mwaka jana, pamoja na ndama wa mwaka huu. Ndama wa mwaka huu ni wangapi? Ni sawa na ng'ombe waliokuwepo miaka mitatu iliyopita, kwa sababu hao ndio waliokomaa leo. Kwa hiyo jumlisha ya mwaka jana na ya miaka mitatu nyuma. Mwaka wa kwanza 2, wa pili 3, wa tatu 4, wa nne 6, wa tano 9, wa sita 13, wa saba 19. Mwaka wa kumi una 60. Mwaka wa ishirini una 2,745, ukimhesabu na bibi yao aliyeanza yote.

Swali la Narayana nalipenda kuliko la sungura. Sungura wa Leonardo wanakomaa haraka mno, ni viumbe vya karatasi. Ng'ombe wa Narayana wanajua kusubiri. Kubadilisha miaka miwili kuwa mitatu kunaupa mfuatano mwendo mwingine kabisa: unapanda polepole, unakaribia kukukatisha tamaa, halafu ghafla boma halitoshi. Kila ucheleweshaji una fomula yake, na fomula inakuonyesha ni miaka mingapi nyuma unapaswa kukumbuka.

Ulaya nayo ilitembea kwa mwendo wake. Kepler mwaka wa 1611, kwenye kijitabu kuhusu theluji, aligusia namna nambari jirani katika mfuatano huu zinavyogawanyika zikikaribia uwiano mmoja. Albert Girard aliiandika kanuni ya kujumlisha mbili zilizotangulia katika kazi iliyochapishwa mwaka wa 1634, miaka miwili baada ya kufa kwake. Ipo pia fomula ya moja kwa moja, inayokurusha hadi nambari ya mia bila kupitia ya tisini na tisa, na imejaa vipeuo vya pili vya tano. Inaitwa ya Binet, aliyeitoa mwaka wa 1843, ingawa de Moivre alikuwa nayo zaidi ya karne moja mapema. Kwa majina, hii familia haina bahati.

Marafiki zangu wanaoandika programu wananiambia mfuatano huu ndio unaotumika kumfundisha mwanafunzi jinsi programu inavyoweza kujiita yenyewe, na hapo hapo kumfundisha uchungu wake. Ukiiamuru kompyuta itafute nambari ya 40 kwa kujiuliza tu ya 39 na ya 38, nazo zijiulize zao, bila kuandika popote majibu iliyokwisha kuyapata, itajiita zaidi ya mara milioni 331. Inarudia kukokotoa ile ile kama mzee anayesimulia kisa kimoja kila Krismasi. Mpe Hemachandra kalamu na ubao, na kwa kujumlisha mara zisizofika 40 amemaliza, kwa sababu anaandika kila jibu na kulitumia. Dawa ya programu ndiyo hiyo pia: weka kumbukumbu.

Nimebaki nikijiuliza kuhusu ushairi wetu. Neno arudhi tumelipata kwa Waarabu, na arudhi yao, iliyopangwa katika karne ya 8 na al-Khalil bin Ahmad, inatofautisha silabi fupi na ndefu kama ya Wahindi. Kiswahili kilichukua neno kikaacha uzani. Kwetu kila silabi ni mizani moja, hata *taa* ni mbili, ta-a. Ukiuliza kipande cha mizani 8 kina njia ngapi za kujazwa silabi, jibu ni moja tu, na mfuatano unafia hapo.

Lakini silabi haziji peke yake, zinakuja zimefungwa kwenye maneno. Tuseme unatunga kwa maneno ya mizani mbili na ya mizani tatu tu. Kipande cha mizani 8 unaweza kukipanga kwa njia ngapi? Uliza swali la Virahanka: neno la mwisho ni lipi? Kama ni la mbili, umebaki na mizani 6. Kama ni la tatu, umebaki na 5. Basi jumlisha njia za 6 na njia za 5. Mizani 6 ina njia mbili (mbili-mbili-mbili, au tatu-tatu), na mizani 5 ina mbili. Jumla nne. Hizi hapa: *leo mimi peke yangu*, *leo nataka kusema*, *nataka leo kusema*, *nataka kusema leo*. Angalia hizo tatu za mwisho. Ni maneno yale yale yakibadilishana viti, kile ambacho mwalimu wa fasihi alikuwa akikiita kuboronga sarufi na kukupa alama moja ukikitaja. Mfuatano huu, 1, 1, 1, 2, 2, 3, 4, 5, 7, ukianzia mizani 2, wanahisabati wanauita wa Padovan, kwa jina la msanifu majengo Richard Padovan, ambaye mwenyewe alisema aliyeuvumbua ni Hans van der Laan. Unaona sasa?

Ukiendelea hadi mizani 16, mshororo mzima wa shairi la kawaida, unapata njia 37. Ila mshairi wa Kiswahili haruhusiwi neno lake livuke kutoka ukwapi kwenda utao, maana pale katikati pana kina. Kila kipande kinasimama peke yake na njia zake nne, na nne mara nne ni 16. Kina cha kati kimekunyang'anya njia 21. Sijui kitabu cha fasihi kinachoitaja bei hiyo, na washairi wamekuwa wakiilipa kwa karne kadhaa bila kulalamika.

Ongeza maneno ya mizani nne, sasa unajumlisha tatu zilizotangulia, kuanzia mbili nyuma hadi nne nyuma. Kipande cha mizani 8 kinapata njia 8, sadfa tu, cha 9 kinapata 11. Ruhusu na yale madogo ya mizani moja, na, ni, wa, la, tunayoyadharau kwa sababu ni mafupi, na njia zinaruka kutoka 8 hadi 108. Na hapo bado sijaruhusu neno kama *ninakupenda*, ambalo lina mizani tano.